Kabati la Mamdogo

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya maghala Mamdogo aliponikabidhi simu ya Bi Cherehani, akaniambia, "Mpelekee kabla hajafunga mlango. Mwambie kioo ni kipya, asiikalie tena."

Niliitia mfukoni nikatoka. Ilikuwa kazi ya kawaida. Jioni nyingi nilikuwa nawapelekea wateja simu zao, hasa wale wazee ambao magoti yamegoma.

Mamdogo ni mdogo wake mama yangu, wametoka tumbo moja. Baba alipofariki na mimi nikaachia shule katikati, ndiye aliyekuja nyumbani kunichukua. "Atanisaidia dukani," alimwambia mama mbele yangu, "na mwakani namrudisha darasani. Sitakubali mtoto wa dada yangu aishie kupiga deki nyumba za watu." Mama alilia kwa furaha. Mimi nilikimbilia nyuma ya nyumba nikalia peke yangu, maana niliona haya.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja. Mbele kulikuwa na meza ya kioo yenye makava na nyaya za chaji. Kwenye kona alikaa Fundi, akiyeyusha risasi ya kuungia nyaya na kuvuta pua kwa sababu ya ule moshi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwawekea watu programu kwenye simu. Na kwa kazi hiyo tulitumia Kabati.

Kabati ni tovuti. Ukiifungua kwenye kompyuta, unaona simu zako zote zimejipanga, na ndani ya kila simu programu zake, kama nguo zilizokunjwa. Unaweza kuitoa programu kwenye simu iliyo mtaa wa pili, au kuiingiza, bila kunyanyuka kitini. Pembeni kuna sehemu inaitwa Gundua. Hiyo inakuonyesha programu mpya na kukueleza kwa nini utazipenda.

Sasa, wateja wetu wengi hawakuwa na barua pepe. Ukiwafungulia, wanasahau neno la siri kabla hawajafika kona. Kwa hiyo Mamdogo alikuwa na mtindo wake. Kila simu iliyoingia dukani aliiandikisha kwenye akaunti yake mwenyewe, kama familia. Yeye mkuu wa familia, wao watoto. Kinyozi mtoto wake. Mlinzi wa ghala mtoto wake. Bi Cherehani, mwenye wajukuu, naye mtoto wake.

"Mamdogo wako kazaa mtaa mzima," Fundi alikuwa akisema, "na hakuna hata mmoja aliyemnyonyesha."

"Wewe mbona hujaingia?" nilimuuliza siku moja.

Alinionyesha kitochi chake, simu ndogo ya vitufe iliyofungwa kwa mpira. "Hiki kinajua kupiga na kupokea. Kikianza kujua zaidi, nakizima."

Tulicheka. Mamdogo hakucheka.

Nilimkuta Bi Cherehani amekaa kwenye kigoda chake, mbele ya mashine, ndani ya giza. Mlango wazi. Taa haijawashwa. Mkononi alishika sindano, na mkono mwingine ulikuwa ukitafuta tundu lake kwa uzi, taratibu, ukikosa, ukirudi tena.

"Shikamoo, bibi. Mbona umekaa gizani?"

Mkono ukasimama.

"Marahaba. Kwani kumeshakuwa giza?"

Nilipapasa ukutani nikawasha taa. Hakupepesa hata kope.

Hapo ndipo nilipoiona sare. Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, sketi ya buluu na shati jeupe, bado ina nyuzi za kushikiza. Niliisogelea. Niliujua ule mkato wa bega, kwa sababu bega langu la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia, na hakuna mshonaji anayelifanya hivyo kwa bahati.

"Bibi, hii ni ya nani?"

Alitabasamu upande ambao sikuwepo. "Mamdogo wako kaniletea kitambaa. Kasema nisikwambie. Lakini vidole vyangu vilishakupima zamani, nitakuficha nini? Nimeimaliza kwa kupapasa. Usiangalie sana pindo."

Sijui niseme nilijisikiaje. Nililigusa lile shati kama mtu anavyomgusa mtoto mchanga. Mwakani kumbe ilikuwa kweli. Nilifikiria namna nitakavyompigia mama, nitaanza na neno gani.

"Mwanangu," Bi Cherehani akaninong'oneza. "Umeniletea ile simu?"

"Ninayo hapa."

"Usinipe kwanza. Nitolee kile kitu kilichomo."

"Kitu gani?"

"Kile kisicho na picha."

Nikaiwasha. Redio, hali ya hewa, kikokotoo, zote nilizomwekea mimi. Na mwishoni kabisa, kimraba cheusi. Sikukiweka mimi. Chini yake pameandikwa neno moja.

Macho.

"Kinafunguka kikiona jioni imefika," alisema. "Kinaniomba. Kila jioni nilikikatalia, nikibonyeza hapana, hapana. Halafu jioni moja hakikuomba tena. Kilisema asante." Akashusha sindano. "Tangu siku ile naona ukungu. Simu ilipokuwa kwenu inabadilishwa kioo, nilipata nafuu, nikaweza kutunga uzi. Leo mchana ukungu umerudi."

Leo mchana. Ndipo nilipoichaji dukani na kuiwasha, nijaribu kioo kipya.

Kimraba kikafunguka chenyewe.

Kioo kilikuwa cheusi tupu. Kwanza ilikuja harufu… udongo mbichi, ule uliochimbuliwa sasa hivi. Kisha pumzi. Kisha sauti nzito ya mwanamume, sauti ya Kinyozi, ambaye tangu mwezi uliopita alikuwa akizungumza na wateja kwa kuandika kwenye karatasi kwa sababu koo lilikuwa limekauka na madaktari hawakuona kitu.

"Bibi jamani… niazime na macho ya jioni… si nilikwambia nitarudisha, mbona mbishi hivyo jamani…"

Sauti ya Kinyozi. Lakini maneno hayakuwa ya Kinyozi.

Huo mtindo wa kusema jamani mara mbili niliujua. Mtaa mzima uliujua.

Ulikuwa wa Chiriku.

Chiriku alikuwa binti wa pekee wa Mamdogo. Alinizidi mwaka mmoja. Tulifanana hadi wageni walituchanganya, ila yeye hakujua kunyamaza, ndiyo maana akaitwa hivyo. Homa ilimchukua mwaka uliotangulia. Tulimzika na simu yake kifuani. Mamdogo alikataa katakata kuitoa, na wazee wakaona heri wamwache, uchungu wa mzazi hauna kanuni.

Nilikibonyeza kile kimraba kwa nguvu nikiondoe. Maandishi yakatokea: *Programu hii inasimamiwa na mkuu wa familia.*

"Muulize mamdogo wako," Bi Cherehani alinong'ona. Machozi yalikuwa yakimtoka kwenye macho yasiyonitazama. "Mimi ni mtu mzima, sitaki kusema jina la marehemu jioni."

Nilirudi mbio. Njiani nilijifariji kwamba kuna mtu ameiba neno la siri la Mamdogo. Kuna mhuni anayeigiza sauti. Mamdogo akijua atavunja kompyuta kwa hasira. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimwamini.

Fundi alikuwa anafungasha vifaa vyake. Mamdogo hakuwepo.

"Kaenda kuoga," alisema. "Mbona unahema kama umefukuzwa na mbwa?"

"Fundi, ulishawahi kuona programu isiyo na picha?"

Fundi aliacha kufungasha. Kisha akachukua mfuko wake.

"Niliiona kwenye simu ya mlinzi," alisema polepole. "Iliandikwa Miguu. Wiki ile ile akaanza kutembelea fimbo. Mimi nina watoto, binti. Niliamua sikuona."

Akatoka. Sikusikia hata akiniaga.

Nilikaa kwenye kompyuta. Kabati likafunguka. Simu zikajipanga, ya Kinyozi, ya Mlinzi, ya Bi Cherehani, zote nazijua. Nikashuka hadi chini kabisa, mahali ambapo sikuwahi kufika kwa sababu sikuwa na haja.

*Simu ya Chiriku. Iko hewani sasa.*

Niliyasoma maneno yale nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Simu ile niliiona ikishuka. Nilisikia udongo ukiigonga.

Nikaifungua.

Ndani yake mlikuwa na Sauti. Miguu. Macho. Nyingine Pumzi, nyingine Usingizi, kila moja na jina la mtu wa mtaa aliyeitoa. Na pembeni, kwenye Gundua, Kabati lilikuwa limemwandikia kwa ule upole wake wa kila siku:

*Kwa kuwa tayari unazo hizi, utaipenda na hii.*

Programu moja tu. Hii ilikuwa na picha.

Picha yangu.

Nilikuwa nimelala. Mdomo wazi kidogo, shuka la maua la Mamdogo hadi kidevuni. Chini yake neno Uso, na chini ya hilo: *Inasubiri ruhusa.*

"Nilitaka nikwambie mwenyewe."

Mamdogo alikuwa amesimama mlangoni, nywele bado zina maji, khanga begani. Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa na hasira.

"Mamdogo, hiki ni nini?"

Alivuta kigoda cha Fundi akakaa karibu yangu, magoti yakagusana, kama alivyokuwa akikaa akinisuka.

"Sikuitafuta," alisema. "Ilinitafuta. Tulikuwa tumemaliza matanga, nimekaa hapa hapa, nafuta programu za watu nipitishe muda. Kwenye Gundua ikatokea moja, haina picha. Imeandikwa Mrudishe. Nikasema nimeshachanganyikiwa. Nikabonyeza." Akanitazama. "Nani asingebonyeza?"

"Nani aliitengeneza?"

"Sijui. Nimewaandikia mara nyingi. Wananijibu kwamba wanafurahi nimeipenda."

Taa ilitetemeka. Harufu ya udongo ilikuwa imeshaingia dukani, nyepesi, kama mtu kasimama nje na viatu vichafu.

"Umewachukulia watu macho yao," nilisema. "Umemchukulia Mlinzi miguu."

"Nimeazima kidogo kidogo. Hakuna aliyekufa. Wangapi wamekufa? Hakuna."

"Na mimi ulinichukua kwa nini?"

Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto, wa mtu aliyetoka kuoga.

"Kwa sababu mnafanana."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama jambo ambalo nilipaswa kulijua siku zote. Nilikumbuka siku anakuja nyumbani, jinsi alivyonishika kidevu, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga. Mimi nilidhani ananionea huruma.

"Na shule?" Sauti yangu ilikuwa ndogo sana. "Ulisema utanirudisha shule. Nimeona sare."

"Itakwenda shule," alisema Mamdogo.

Sikumwelewa. Kisha nikamwelewa.

"Ataenda yeye," akaendelea, na uso wake ukang'aa, nilikuwa sijauona ukiwa hivyo tangu msiba. "Atasoma mpaka amalize. Kwa uso wako, kwa jina lako. Si utakuwa umesoma? Na wewe huendi popote, utakaa tu na mimi hapa dukani. Weka kidole chako pale, mwanangu. Ukikubali mwenyewe haiumi."

"Sikubali."

"Mwanangu…"

"Sikubali, Mamdogo."

Nilidhani atanikamata mkono kwa nguvu. Hakufanya hivyo. Aliegemea ukuta akafumba macho kama mtu aliyechoka.

"Wale wengine walipokataa, Kabati lilikubali ruhusa yangu," alisema. "Mimi ni mkuu wa familia, inatosha. Wewe nilijaribu kukuruhusia, likanirudishia swali. Likaandika: je, wewe ndiye uliyemzaa? Nikaona uongo hautapita. Kwa hiyo ombi limekwenda kwa mama yako."

Niliposikia hivyo nilikaribia kucheka. Kwa mama yangu. Mama aliyeuza vyombo vyake vya harusi ninunuliwe madaftari. Mama aliyenifunga kitambaa kichwani siku ya safari akisema nisikae dirishani, upepo utanikohoza.

Nilichukua simu yangu nikapiga. Mamdogo hakunizuia. Hilo lilipaswa kunistua.

Iliita mara nyingi. Ikapokelewa. Nilisikia sufuria, na wadogo zangu wakigombania kitu, na mlango ukifungwa.

"Mama, shikamoo. Mama, nisikilize. Kuna ombi limekuja kwenye simu yako, lina picha yangu. Usiliguse. Ukiulizwa ruhusu, bonyeza hapana."

Nilisikia kitanda kikilia, kama mtu amekaa.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Umeliona?"

"Liko hapa mbele yangu tangu jana."

Alikuwa ananong'ona. Nilimjua mama yangu anavyoongea akiwa amefunika mdomo kwa upande wa khanga.

"Basi bonyeza hapana, mama. Mamdogo anataka kunichukulia uso ampe Chiriku. Najua hutaniamini, lakini—"

"Alinieleza."

Niliigandamiza simu sikioni.

"Alikuja mwenyewe kunieleza," mama akasema. "Kabla hajakuchukua. Alilala sakafuni hapa, akanishika miguu mpaka kukacha. Ni mdogo wangu. Nimembeba mgongoni mimi, mama yetu alipougua. Nilidhani ikifika siku nitashindwa. Kila siku nilikuwa najiambia nitashindwa."

"Mama."

"Mimi nitabaki na wanne, mwanangu." Sauti ilimkatika. "Yeye alikuwa na mmoja."

Nilisikia pumzi yake. Nilisikia mdogo wangu akimwita kutoka chumba cha pili, akiuliza ni nani anaongea naye.

"Hakuna mtu," mama akamjibu.

Kisha nikasikia kidole kikigusa kioo. Mlio mdogo sana… kama tone la maji.

Kwenye kompyuta, maneno yakabadilika.

*Mzazi ameruhusu.*

Mstari mwembamba ukaanza kujaa kutoka kushoto kwenda kulia. Nilichomoa waya ukutani. Mstari ukaendelea kujaa kwenye kioo kilichozimika. Mamdogo alisimama akaupangusa mlango kwa khanga yake, akaufungua kabisa, kama unavyomfungulia mgeni mwenye mizigo mikononi.

Nje palikuwa na giza la kawaida.

Ndani ya giza lile, mtu alikuwa akija kwa miguu ya Mlinzi. Hatua nzito ya kushoto, nyepesi ya kulia. Alisimama nje ya mwanga.

"Mama jamani," ikasema sauti ya Kinyozi. "Mmechelewa kunifungulia jamani."

Hayo ndiyo ya mwisho ninayoyakumbuka vizuri.

Haikuuma sana. Mamdogo alisema ukweli nusu. Ilikuwa kama kitambaa chenye maji kikivuliwa usoni, taratibu, kutoka kwenye nywele hadi kidevuni.

Sasa ninakaa kwa Bi Cherehani. Namtungia uzi, naye ananipikia. Yeye hakuniuliza kitu nilipogonga mlango asubuhi ile. Alinipapasa bega la kushoto, akasema, "Ingia ndani, mwanangu." Ni yeye peke yake anayenijua. Wengine wakinitazama, macho yao yanateleza, yanatua ukutani nyuma yangu. Hawaogopi. Hawaoni pa kuyatuliza. Fundi alinisalimia juzi mara mbili kwenye njia moja, kana kwamba nilikuwa watu wawili tofauti. Simu yangu ikiniomba niikaribie initambue, inasema hakuna mtu.

Asubuhi sare ya buluu inapita mbele ya mlango wetu. Nasikia miguu ya Mlinzi. Nasikia watoto wenzake wakicheka na kumwita kwa jina langu. Amewahi kusimama pale nje, akanyamaza kitambo, yeye asiyejua kunyamaza. Nilidhani atasema kitu. Sijui kama anajua ni wa nani ule uso, au naye aliambiwa ni zawadi tu.

Wiki iliyopita mama yangu alikuja kumtembelea mdogo wake.

Niliiona khanga yake kwa mbali, nikatoka nikasimama barabarani. Alikuwa amebeba kikapu cha machungwa. Alipofika karibu alinitazama, na macho yake yakateleza kama ya wengine, yakatua ukutani. "Hujambo, binti," alisema, akapita.

Nikajiambia, hakunijua. Ni uchawi, si yeye. Nilitaka sana iwe hivyo.

Lakini alipofika kona aliweka kikapu chini. Akageuka. Alinitazama mahali pale pale uso wangu ulipokuwa, muda mrefu, mpaka akajiziba mdomo kwa upande wa khanga.

Kisha akainama, akabeba machungwa yake, akaingia kwa Mamdogo.